Mfuko wa Upepo Uliolala

Ndege ilikuwa chali kando ya njia ya kurukia, matairi yake matatu yameelekea mbinguni, na kijana aliyekuwa akiiendesha alikuwa bado ananing'inia kwenye mkanda, kichwa chini. Alikwisha kufa.

Inspekta Tonka Sladić alisukuma mlango wa gari lake, bura ikausukuma ukarudi. Akausukuma tena kwa goti. Siku kama hiyo watu wa pwani ile hawatoki nje bila sababu, maana bura haivumi kama upepo wa watu wengine. Inaporomoka kutoka mlimani kama mtu aliyesukumwa kwenye ngazi, inanyamaza kidogo, halafu inarudi pale pale ulipodhani imekwisha.

"Jina lake?" Inspekta alipaza sauti ili asikike.

"Vinko Radman, afande," alijibu Koplo Bepo, ameshika kofia kwa mikono miwili. "Miaka ishirini na mitatu. Mama yake ni Luce, yule muuza samaki wa sokoni. Bado hajaambiwa."

"Nani anakwenda kumwambia?"

Koplo akatazama viatu vyake.

"Haya. Nitakwenda mwenyewe."

Mhandisi Kolak, mpelelezi wa ajali za ndege, alikuwa ameshapiga picha zake. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kuongea kama anayelipishwa kwa kila neno.

"Shingo," alisema. "Hakuteseka. Bura imeinua bawa la upande wa mlimani, bawa la upande wa bahari likagonga lami, ndege ikapinduka. Ajali."

"Una hakika?"

"Tazama pale."

Alionyesha mlingoti ulioko mwisho wa njia. Juu yake mfuko wa upepo, lile bomba la kitambaa cha rangi ya machungwa na nyeupe, ulikuwa umenyooka kama fimbo, mkia wake unaelekea baharini.

"Mfuko ukinyooka hivyo, ukaikata njia katikati, mwenye akili hatui hapa. Ule ni upepo wa ubavuni. Anaongeza nguvu ya injini, anakwenda kwingine."

"Na huyu hakuwa na akili?"

Kolak aliutazama tena mfuko. "Hapo ndipo sielewi. Mimi ndiye niliyemsahihishia mtihani wa hali ya hewa. Alipata zaidi yangu."

Ndani ya jengo la klabu kulikuwa na harufu ya utumbo uliopikwa kwa nyanya na jibini. Sahani zilikuwa mezani, nyingine zimeliwa nusu. Watu wa pwani ile hawaruki marenda, kile chakula chao kati ya asubuhi na mchana. Kazi inasimama, simu zinalia zenyewe. Mezani alikuwa amebaki mzee mmoja tu, analia bila kujifuta. Ndiye Barba Zvane, yaani mjomba Zvane kwa lugha yao, mtu wa redio.

"Ulizungumza na Vinko hewani, barba?"

"Sikuzungumza naye. Nilikuwa hapa." Akaupiga mkono wake mezani. "Hapa! Na kijiko mdomoni! Mtoto ananiita huko juu, mimi nachovya mkate!"

"Redio haikuwa na mtu?"

"Wakati wa marenda haina mtu. Miaka yote haina mtu. Kila rubani anajua. Anayefika wakati huo anatazama mfuko, anatua, anakuja kula."

"Vinko alikuwa anatoka wapi?"

"Kisiwani. Alipeleka vipuri vya boti alfajiri. Na usiniambie hakujipanga, afande, maana watu wa televisheni watasema hivyo. Alipiga simu kwa watu wa hali ya hewa mbele yangu, wakamwambia bura itaanza mchana. Akasema, 'Barba, ikiniwahi, sitakuja hapa. Nitashuka kule kisiwa cha pili, njia yao inaelekea mlimani, bura inanipiga usoni, sio ubavuni. Nitakunywa kahawa hadi itulie.' Akajaza mafuta ya ziada kwa ajili hiyo."

"Kwa nini basi hakwenda?"

"Mimi nakuuliza wewe!" mzee akafoka. Halafu akaomba radhi.

Mlango wa jiko ulifunguka. Mwanamke mnene mwenye macho mekundu alitoka na birika la kahawa. Alikuwa Perina Gverić, mpishi wa klabu, mjane, ambaye pia ndiye aliyewashonea mapazia, vifuniko vya ndege na huo mfuko wenyewe wa upepo.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia Inspekta, ingawa walikaribiana umri. "Umepauka. Na ungevaa skafu. Mtu anatokaje bila skafu na bura hii?"

Inspekta aliipokea kahawa, akaenda kwa Luce, muuza samaki. Hayo aliyoyakuta huko hayaandikiki.

*

Kesho yake Kolak alileta kamera ndogo iliyokuwa imebanwa kwenye kioo cha ndege. Wakakaa ofisini, mapazia yamefungwa.

"Anakuja," alisema Kolak. "Unaona pua ya ndege imegeukia mlimani? Anatembea kama kaa. Ndivyo inavyofanywa, maana ukiielekeza pua kwenye njia, upepo unakubeba hadi baharini. Sasa anakaribia. Ananyoosha pua kwa usukani wa mkia, analaza bawa la upande wa upepo. Safi kabisa. Ningempa alama zote."

"Kwa hiyo anajua upepo upo."

"Anajua. Anausikia mwili mzima. Sasa tazama hapa."

Kwenye picha bawa lililokuwa limelazwa liliinuka taratibu, likawa sawa na mwenzake. Mlio wa injini ukapungua.

"Ameacha," Kolak alisema. "Amelegeza kila kitu. Ametua kama siku ya Jumapili isiyo na upepo. Halafu..."

Inspekta alifumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Rudisha. Kabla hajalegeza. Simamisha."

Kwenye kona ya picha ulionekana mlingoti. Mfuko wa upepo ulikuwa umelala. Ulining'inia, mkia chini, unatikisika kidogo tu.

Wote wawili waliusogelea uso wa kompyuta.

"Haiwezekani," alisema Kolak. "Ile misonobari nyuma yake imepinda! Majani yamelala chini!"

"Upepo unapinda miti na haugusi kitambaa?"

"Haiwezekani, nakwambia."

"Lakini ndivyo ilivyo. Na mimi nilifika muda mfupi baadaye, mfuko ule ule umenyooka kama fimbo. Wewe mwenyewe ulinionyesha."

Kolak alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Basi angalau naelewa kilichomuua. Katika uwanja ule wana imani yao. Bura mara nyingine inapita juu juu, chini kumetulia kabisa, mlima umeukinga uwanja. Kwa hiyo wamezoea: hata ukisukumwa namna gani huko juu, mfuko ndio unaosema neno la mwisho. Rubani wa kwingine angesema, mfuko umeharibika, mimi nasadiki mwili wangu, naondoka. Wao hapana. Wanauamini mfuko kuliko mwili."

"Na redio haikujibu."

"Na redio haikujibu. Akautazama mfuko. Mfuko ukamwambia, tua."

Inspekta alikuna kichwa. Alikuwa amechunguza wizi wa mitumbwi, visu vya ulevini, hata ndugu waliopigana shoka kwa ajili ya mizeituni. Kitambaa kinachodanganya alikuwa hajakutana nacho. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Bepo! Washa gari."

*

Mfuko ule ulishushwa kwa kamba, kama bendera. Inspekta aliushika mikononi. Ulikuwa umepauka, mdomo wake umechanika, una mavi ya shakwe.

Barba Zvane alikuwa wa kwanza kuona. "Huu sio!"

"Sio nini?"

"Huu ni wa zamani! Tuliutupa stoo. Perina katuletea mwingine, ameushona upya upindo wote. Roko kautundika asubuhi ile ile, nilimwona kwa macho yangu."

"Roko ni nani?"

"Mwanawe Perina. Mwanafunzi wa urubani. Alikuwa na mtihani wake wa mwisho siku ile, lakini mtahini hakufika. Bura ilifunga daraja, gari lake likakwama ng'ambo."

Mtunza bustani wa klabu, aliyekuwa amesimama na reki, akaongeza bila kuulizwa, "Na baada ya ndege kupinduka, sisi sote tunakimbilia kwa Vinko, yeye Roko anakimbilia mlingotini. Nilisema moyoni, huyu kachanganyikiwa."

"Roko na Vinko walikuwa wanapatana?"

Zvane na mtunza bustani wakatazamana.

"Walipatana hadi ilipokuja habari ya ile nafasi," alisema Zvane polepole. "Shirika moja la ndege litasomesha kijana mmoja, huko Hispania. Mmoja tu kutoka hapa. Walishikana mashati mkahawani. Vinko alimwambia, 'Wewe mama yako hata kuogelea hakuruhusu, rubani gani?' Watu wakacheka. Roko akamrushia kiti."

Jioni, mbwa na askari walipokwisha kuzunguka uwanja wote, Koplo Bepo alitoa kitu kwenye tangi la maji ya mvua nyuma ya jiko. Kilikuwa mfuko mpya, umelowa, na mzito kuliko kitambaa kilicholowa tu. Inspekta alibonyeza upindo wa mkiani. Vidole vyake vikapita juu ya vitu vigumu vilivyopangwa kama shanga.

Alichana nyuzi kwa kisu kidogo. Vikaangukia kiganjani mwake vipande vya madini ya risasi.

"Chubwi," Koplo alisema. "Za wavu. Babangu alikuwa nazo."

Mfuko ulikuwa umetiwa uzito mkiani ili usinyanyuke. Bura ivume itakavyo, mwenye kuutazama kutoka juu angeona upepo wa kupepea chai.

*

Roko Gverić alikamatwa usiku huo nyumbani kwake. Hakukimbia. Alikuwa kijana mwembamba mwenye masikio makubwa, na kucha alizozitafuna hadi nyamani.

"Wewe ndiye uliyeutundika mfuko asubuhi?"

"Ndiyo."

"Ulijua una chubwi?"

Roko alipeleka kidole mdomoni.

"Wewe ndiye uliyeubadilisha baada ya ajali?"

"Ndiyo."

"Ndiye uliyeutupa tangini?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Roko aliinamisha uso.

"Ulimtaka Vinko afe?"

Hapo kijana aliinua uso. "Vinko ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli," alisema, halafu akafunga mdomo kama mlango wa duka.

Mwendesha mashtaka alipiga simu. Alifurahi mno. Sababu ipo, nafasi ipo, kielelezo kipo, mtuhumiwa amekiri nusu. Kesho asubuhi atamfungulia Roko shitaka la kuua kwa kukusudia. "Umefanya kazi nzuri, Inspekta. Nenda kalale."

Inspekta hakulala. Kila akigeuka kitandani alikuwa anaona jambo lisilokaa sawa. Mtu anayetaka kuua kwa hila, anautundikaje mtego mbele ya macho ya watu, halafu anauondoa mbele ya macho ya watu? Na alijuaje kwamba Vinko atarudi wakati wa marenda na bura imewahi, wakati watu wa hali ya hewa wenyewe hawakujua? Na kwa nini kijana anakiri mikono na kukataa moyo?

Asubuhi mapema aliingia kwenye chumba cha mahojiano na sindano, uzi na kipande cha turubai.

"Shona," alisema.

Roko alimtazama. "Nini?"

"Upindo. Kama ule wa kwenye mfuko. Kwa mkono, ulishonwa kwa mkono. Nionyeshe."

Kijana alichukua sindano. Alijaribu kupitisha uzi tunduni, ukakataa. Akaulamba, ukakataa. Akafumba jicho moja, akatoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, uzi ukapita kando. Koplo Bepo akakohoa ili asicheke. Hatimaye uzi ulipita, Roko akadunga turubai mara moja na kujichoma kidole gumba.

"Inatosha," alisema Inspekta. "Ule mshono wa mfuko ni mdogo mdogo, umekazwa, umerudiwa. Ni wa mtu aliyeshona miaka mingi. Nani, Roko?"

"Mimi."

"Wewe huwezi kushona kifungo."

"Ni mimi nimesema!" Sauti ilikatika. "Andika ni mimi! Unataka nini zaidi? Andika!"

Inspekta alitoka nje akaegemea ukuta wa korido. Sasa alikuwa anajua, na bado alikuwa hajui. Jina lilikuwa wazi, lakini jina hilo halikuwa na sababu. Perina? Yule anayemkemea kila mtu asiye na skafu? Perina amuue mtoto wa Luce, mwanamke aliyemuuzia samaki na kukaa naye benchi moja kanisani? Kwa ajili ya nafasi ya Hispania? Lakini mjini pote hakuna asiyejua kwamba Perina hakutaka mwanawe aende Hispania hata kwa picha.

Ilikuwa kama kusoma barua iliyokatwa katikati.

*

Hakuhitaji kumwita. Perina alikuja mwenyewe, amebeba sufuria iliyofungwa kwa taulo.

"Ni pilipili za kujaza," alisema kabla ya salamu. "Anapenda na viazi vya kuponda, viazi viko chini. Ataachiwa lini? Hajabeba nguo nzito. Seli zenu zina baridi?"

"Kaa, Perina."

"Nimeuliza ataachiwa lini."

"Kaa kwanza."

Perina alikaa, sufuria mapajani. Inspekta aliweka mfuko wa upepo mezani. Ulikuwa umeshakauka. Mkono wa Perina ukaenda wenyewe hadi kwenye upindo uliochanwa, ukaanza kuukunja na kuulainisha, vile mtu anavyonyoosha kola ya mtoto wake. Halafu akauona mkono wake, akaurudisha juu ya sufuria.

"Mwendesha mashtaka anakuja," alisema Inspekta. "Roko anashitakiwa kwa kumuua Vinko."

"Watamwachia. Hakufanya kitu."

"Amesema ni yeye."

"Kasema nini?"

"Kasema chubwi alishona yeye."

Perina alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Roko? Roko hajui kushona hata soksi! Mimi nilidhani mtachunguza, mtaona hana kosa, mtamrudisha. Nilikuwa nasubiri. Kwa nini aseme uongo mkubwa hivyo?"

"Wewe unaonaje? Alikimbilia mlingotini wenzake walipokimbilia ndege. Aliona mfuko umelala na bura inavuma, akaushusha, akaushika. Aliona mshono. Mshono anaoujua tangu alipokuwa anavaa nepi. Akautundika wa zamani, akautupa ule. Tangu hapo hajasema neno isipokuwa 'ni mimi'. Anamlinda mtu, Perina."

Ukweli huo ulichukua muda kuingia. Inspekta aliuona ukiingia, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

"Anajua," Perina alisema. "Roko anajua."

"Tangu dakika ile."

"Na juzi usiku alikula chakula changu. Alikaa, akala, akasema asante mama."

Sufuria ilianza kumteleza mapajani. Koplo Bepo akaja akaichukua kwa upole, akaiweka dirishani.

"Niambie," alisema Inspekta. "Kwa sababu mimi naona mkono wako, lakini siuoni moyo wako. Ulikuwa na ugomvi gani na Vinko?"

"Na Vinko? Mimi?" Perina alimtazama kama aliyetukanwa. "Vinko nilimpa maziwa yangu! Luce alipougua homa ya uzazi, mimi ndiye niliyemnyonyesha! Vinko hakuwamo kabisa. Mfuko haukuwa wake. Ulikuwa wa Roko."

"Ulitaka kumuua Roko?"

"Mungu wangu, mwanamke, una wazimu?" Perina alipiga kelele hadi askari wa mlangoni akachungulia. Halafu akaongea chini chini. "Nilitaka ashindwe mtihani. Basi. Ashindwe tu."

Inspekta hakuandika kitu. Alisubiri.

"Yule mtahini ana tabia yake. Anazima redio. Anamwambia mwanafunzi, usimwulize mtu, soma mfuko mwenyewe, useme upepo unatoka wapi na una nguvu gani, halafu utue. Akikosea anamfelisha pale pale. Nikasema, Roko atautazama mfuko, atasema upepo mdogo, atalegeza, ndege itasukumwa, mtahini atashika usukani wake, maana anao wake pembeni. Watatua salama. Atamwambia, wewe hufai, rudi mwakani. Na mwakani nafasi ya Hispania imeshachukuliwa na Vinko, na Roko yuko nyumbani. Vinko angekwenda, Luce ni jasiri, Luce angeweza. Mimi siwezi."

"Chubwi ulizitoa wapi?"

"Kwenye wavu wa marehemu. Bado umetundikwa ghalani. Bura ilimchukua, unajua. Walinirudishia mashua na wavu, yeye hapana. Nina mmoja tu, afande. Anataka kwenda kukaa ndani ya huo huo upepo kwa mshahara. Nimelia, nimepiga magoti, nimemfichia pasipoti ndani ya unga. Aliipata, akacheka, akanibusu kichwani. Ukimwambia mtoto unaogopa, anakubusu kichwani."

"Na ukampa autundike yeye mwenyewe."

"Alisema, mama, mbona mzito? Nikamwambia nimekunja upindo mara mbili kwa sababu ya bura. Akasema, wewe ndiye fundi."

Nje bura iligonga dirisha, ikanyamaza.

"Perina. Mtahini alipokwama darajani, ulijua?"

"Nilijua."

"Mtihani ukaahirishwa. Kwa nini hukuushusha?"

Mwanamke yule alijifunika uso kwa mikono. Maneno yalitoka kati ya vidole.

"Utumbo ulikuwa motoni. Na watu walikuwepo nje, wangeniuliza nashusha nini. Nikasema, baada ya marenda, wakishasinzia, nitakwenda. Vinko nilimkumbuka. Nilimkumbuka, siwezi kusema sikumkumbuka. Nikasema, yule hujipanga, ana kisiwa chake cha pili, na Zvane yuko kwenye redio. Halafu nikaona chakula kinapoa. Utumbo ukipoa unaganda, hauliki." Alishusha mikono. "Mimi ndiye niliyemwita Zvane ashuke. Mara tatu. Alisema ngoja kidogo, mtoto yuko hewani. Nikamwambia, shuka ule, mtoto atautazama mfuko."

Koplo Bepo aligeukia dirishani, akakaa hivyo.

Inspekta Sladić alikuwa amesikia watu wengi wakikiri. Kwa kawaida huwa kama fundo linalofunguka. Mtu anavuta pumzi, hata mpelelezi anavuta. Hii haikufunguka. Alijua nani, alijua vipi, alijua kwa nini, na bado alikuwa amekaa kama mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua. Sheria ingekuwa na jina lake: kuhatarisha usafiri wa anga, kuua bila kukusudia. Mzazi anayesoma hapa asijidanganye kwamba Perina alikuwa mtu mbaya kuliko yeye. Alikuwa na hofu, akaiita mapenzi, akaipa sindano na uzi, na hofu haiulizi ni mtoto wa nani anayepita.

"Sasa Roko anatoka?" aliuliza Perina. Ndilo jambo pekee alilotaka kujua.

"Anatoka. Ana kosa la kuficha ushahidi, lakini analala nyumbani leo."

"Basi andika. Andika yote. Nitatia sahihi."

Walipomtoa Roko, Perina alikuwa kwenye korido na Koplo, bado hajafungwa pingu. Kijana alisimama. Walitazamana. Hakuna aliyemwambia kilichotokea ndani, lakini kupitia mlango uliokuwa wazi aliisoma sufuria ile iliyosahauliwa dirishani, aliusoma uso wa Koplo.

"Umewaambia," alisema.

"Nimewaambia. Ufunguo uko chini ya chungu cha mrehani. Na pilipili, chukua pilipili. Usile baridi."

Roko hakuichukua sufuria.

"Siendi nyumbani," alisema. "Nakwenda kwa shangazi Luce. Anapaswa kulisikia kwa mtu wa nyumba yetu, sio kwa askari."

"Atakuua!"

"Labda."

"Roko! Mwanangu, ngoja..."

Alikuwa ameshafika mlangoni. Aliusukuma, bura ikausukuma ukarudi. Akaweka bega, ukafunguka, na karatasi za mezani kwa askari wa zamu zikaruka zote. Hakugeuka. Kupitia kioo walimwona anashuka ngazi akiwa na shati tu, ameinama upande wa mlimani, anatembea kiubavu kuelekea sokoni.

Perina alijitupa mbele hadi Koplo akamshika kiuno.

"Koti!" alipiga kelele. "Mwambieni avae koti! Nyie hamna watoto? Mkimbilieni mmpe koti!"